Michembe ya Kabula

Kosa langu la mwanzo kabisa, nilipojipa kazi ya kuwaeleza watu sera za elimu kwa Kiswahili cha kueleweka, lilikuwa kuamini kwamba wanaohitaji kueleweshwa ni wao. Naona aibu hata kuliandika, lakini Bariadi nzima imeshasikia habari hii, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, kwa hiyo bora muisikie kwangu ikiwa bado na ladha yake.

Hizi sera hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi kwenye duka la kudurufu karatasi, na kila waraka au ripoti ya elimu iliyopita kwenye mashine niliisoma (bosi hajui, msimwambie) hadi nikaizoea lugha yake, ile ya sentensi moja ndefu kama barabara ya kwenda Mwandoya. Nikaanza kuziandika upya kwa maneno ya kawaida na kuzirusha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Nilisahihisha kila andiko mara nyingi kiasi kwamba likitoka, jambo lenyewe limeshapitwa na wakati, lakini koma zake ziko sawasawa.

Ndipo akanipigia simu baba Kabula, mwenyekiti wa kamati ya shule kwenye kijiji kimoja huko upande wa Shishiyu. Alitaka wazazi wachange mahindi ya uji wa wanafunzi, na kila akisimama wanamjibu kwamba elimu ni bure, serikali imesema. Mavuno yalikuwa yanaisha, na mahindi yakishauzwa, watoto wangeshinda njaa shuleni mwaka mwingine mzima.

"Mdogo wangu, njoo uwaeleze wewe," akasema. "Mimi wameshanichoka. Wakikataa na safari hii, sina tena uso wa kuitisha mkutano."

Mimi naogopa kuchelewa kuliko ninavyoogopa nyoka, kwa hiyo nilifika kwake asubuhi mno, mama Kabula bado yuko jikoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma, nikiinama kabisa, aone kwamba mjini hakujaniharibu.

"Mwangaluka, mwanangu. Umekula?"

Sikuwa nimekula, kwa woga wa kuhutubia. Nikaletewa bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, imepikwa na karanga ikawa nzito, na nikala kama mtu aliyelipwa kula. Mama akauliza kama aongeze. Nilishasoma mahali fulani kwamba mgeni anayekataa chakula anamdharau mwenyeji, kwa hiyo, kwa heshima zote, nikakubali. Nikakubali tena na mara ya pili. Nilipokuwa nakomba bakuli, binti yao Kabula, wa darasa la tatu, akaja kusimama mlangoni na begi mgongoni, akalitazama bakuli, akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa, na mtoto akatoka mbio kwenda shule bila kutia kitu mdomoni.

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu mawili. Nikafanya kile ambacho mtaalamu yeyote angefanya: nikatoa simu nikaandika.

Hotuba yangu, niliyoikariri mbele ya kioo, ilikuwa na "mwanafunzi wa kawaida" asiyekuwa na sura wala kwao. Tukiwa njiani kwenda mkutanoni nikaamua (uamuzi mdogo tu, wa sekunde) kumtoa huyo na kuweka mfano hai. Tena nilizingatia maadili ya utafiti, nikabadilisha jina la mtoto ili asitambulike. Ndiyo, jina nililibadilisha.

Wazazi walijaa uwanja wa shule. Nikawaeleza kwamba ada ndiyo iliyofutwa, na kuhusu chakula wazazi wanaruhusiwa kukubaliana wenyewe wakachanga, na kwamba tafiti zinaonyesha mtoto mwenye njaa hashiki anachofundishwa. Wakapiga miayo. Nikaleta mfano hai.

"Tuchukue mtoto mmoja," nikasema, "tumwite Tumaini. Kwao mlango umepakwa rangi ya bluu. Nje imeegeshwa baiskeli haina kiti. Zizini kuna fahali mwekundu, pembe moja imevunjika. Mali ipo! Lakini leo asubuhi Tumaini amekwenda shule na njaa. Je, huyo ni mzazi wa namna gani?"

Wakaacha kupiga miayo. Nikadhani imewaingia. Kisha kijana mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa huyo fahali si wa mwenyekiti?"

"Na baiskeli ni yake," akadakia mwingine. "Kiti nilikiazima mimi."

Kicheko kikapasuka. Baba Kabula akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, akatazama chini. Mama mmoja mnene akasimama akikung'uta kanga yake. "Twendeni zetu bwana! Mwenyekiti mtoto wake hamlishi, eti sisi tumlishie!" Watu wakaanza kuinuka. Nami nikaanza kusema "kwa mujibu wa mwongozo," maneno ambayo hayajawahi kumrudisha mtu kwenye kiti tangu dunia iumbwe.

"Kaeni!" Alikuwa mama Kabula, na aliyasema yote kwa Kisukuma, ile lugha ya nyumbani ambayo, ukiacha salamu, niliiacha stendi ya Bariadi ili nionekane msomi. "Ni kweli, mwanangu leo hajala. Muulizeni huyo mtaalamu michembe ya mtoto iko wapi."

Macho yote yakaja tumboni kwangu.

"Nilimpa bakuli, akamaliza. Nikamwongeza, akamaliza. Nikamwongeza tena, hata hakupumua! Sasa ninyi mnaocheka, mgeni akija kwenu asubuhi, nani anakosa? Si mtoto? Basi mimi nataka uji uwe huku shuleni, kwenye sufuria ambayo mgeni haifikii."

Walicheka hadi wengine wakashika miti. Lakini walicheka wakiwa wamekaa. Yule mama mnene akafuta machozi kwa pembe ya kanga, akasema, "Hapo sawa. Mimi niandikeni debe moja. Mashemeji zangu wanakula kama huyu huyu." Wengine nao wakafuata kuandikisha madebe yao.

Baba Kabula akaitoa kofia mfukoni, akainyoosha, akaivaa. Mimi wakanitoza faini palepale: siku ya kwanza ya uji, nije nikoroge mwenyewe.

Nikaja. Nilikoroga hadi viganja vikatoka malengelenge, na moshi ukanitoa machozi ambayo nashukuru yalikuwa na kisingizio. Kabula alikuwa mbele kabisa kwenye foleni. Hakunyoosha kikombe. Alinitazama mimi, akaitazama sufuria.

"Wewe umeshakula?"

"Nimeshakula, dada."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Ndipo akakinyoosha.

Tangu hapo naandika Kiswahili kilekile, ila vijijini naongea Kisukuma, na naenda nimeshiba. Na kabla sijaeleza sera yoyote, nawauliza kwanza wazazi wenyewe wanaielezaje. Mara nyingi wakimaliza, mimi huwa sina la kuongeza.