Mashahidi wa Jando Moja

Juzi, katika ofisi ya kijiji chetu nje kidogo ya Mtwara, mzee mmoja aliomba asamehewe kulima shamba la ujamaa kwa sababu ya uzee.

"Babu, lete wanaume wawili mlioingia nao jandoni, wathibitishe umri," karani akasema.

Mzee akaegemea mkongojo. "Mjukuu wangu, tuliingia kumi na wawili. Nimebaki mimi."

"Basi umri wako haujulikani. Jembe linakungoja."

Bibi mmoja kwenye foleni akapiga makofi. "Wajane wao si sisi hapa! Tuliwapikia walipotoka jandoni, tukawazika."

"Fomu inataka wanaume, bibi."

Sisi wajane kwenye foleni tukatazamana. Tangu enzi za mama zetu, foleni ya wazee ni foleni ya kanga tupu.

Marehemu mume wangu alikuwa wa jando lile. Kila siku namwomba Mungu amlaze pema. Sasa namwomba amruhusu asubuhi moja tu, aje na mwenzake mmoja watie dole gumba kwenye fomu. Na iwe mapema, kabla mzee hajaanguka shambani na fomu ikakosa hata mwombaji.