Mwaka Ambao Mama Hakusikia Harufu

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Gisenyi miaka ya hamsini mtakuwa mashahidi wangu, chakula hakikuandikwa tarehe ya kuharibika. Friji zilikuwa kwa Wazungu kule ufukweni mwa ziwa. Sisi wa mtaa wa Waswahili tulikuwa na pua za mama zetu. Asubuhi mama anafunua chungu cha mboga iliyolala, anainama, anafumba macho, ananusa mara moja tu. Akiinuka kimya, mnakula. Akisema imechacha, hata kama nyumba nzima ina njaa, inamwagwa shimoni. Ukithubutu kumwambia aichemshe tena, anakujibu kwamba moto haufufui maiti.

Nasi watoto tulirithi pua hizo. Tulitoka chuoni, kusoma Kurani, na vibao vyetu vya kuandikia, miguu imekuwa myeusi kwa vumbi la mawe ya volkano, tukakaa barazani kucheza mdako, na bila kuinua kichwa tulijua nani anapika nini. Pale wanakaanga ndagala, dagaa wakavu waliotoka ziwa Tanganyika. Pale kuna mandazi. Kule wamekosa kuni kavu, moshi wa mkaratusi mbichi unawatoa machozi. Wajukuu wangu leo hawajui kama chakula kimeiva mpaka mtu awapigie simu, nao wako chumba cha pili.

Mama hakuzaliwa katika mapishi ya mtaa wetu. Alikuwa binti wa wakulima wa Rugerero, akaolewa na baba, fundi wa kushona, ambaye babu yake alifika huku na misafara ya biashara kutoka Tabora. Alikuja akijua maharagwe, viazi na uji wa mtama. Pilau alifundishwa na Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa baba, aliyekaa Goma na kuvuka mpaka kwa miguu kila alipotaka kutukagua. Shangazi alikuwa na neno lake, alilisema mbele ya mama bila haya: "Huyu mukono wake ni wa viazi." Mama alilimeza neno hilo miaka kumi. Alilijibu kwa sufuria. Nilipopata akili, hakuna harusi mtaani kwetu iliyopikwa bila yeye kuitwa.

Kisha akaugua. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Homa ilimlaza masika nzima, na alipoamka alikuwa amekonda hata kanga zilimzunguka mara mbili. Tulifurahi kumwona tena jikoni. Chakula cha kwanza alichotupikia kilikuwa na chumvi ya kumtosha ng'ombe. Kaka yangu Saidi alitema, na baba akamwangalia tu. Baadaye alituita sisi wawili chini ya ukingo wa paa, pale penye cherehani yake, akatuambia kwamba ulimi wa mama bado unaumwa, kwa hiyo tutakula, tutashukuru, na hakuna atakayesema kitu. Yeye mwenyewe alikula akamaliza, akasema alhamdulillah, kisha akanywa nusu mtungi wa maji.

Basi tukanyamaza. Tulifikiri ni chumvi tu.

Ikaja Idi ya kuchinja. Siku ya kwanza nyama ilikuwa nyingi, iliyobaki mama akaifunika ingali moto, jambo ambalo yeye mwenyewe alitukataza maisha yetu yote. Nadhani alichoka. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, Shangazi Mwamini akatokea na wanawake watatu wa Goma, wamevaa vizuri, wamekuja kula kwa wifi yake. Wakatandikiwa mkeka ukumbini. Mama akakipeleka chungu cha jana motoni, akakaanga vitunguu vipya akavimwaga juu yake, akatia iliki na mdalasini, na akaniita nimshikie sinia.

Alipofunua, nilirudi nyuma. Chini ya iliki ile kulikuwa na harufu nyingine, chachu na nzito, kama ya kitambaa kilicholala na maji. Pembeni mwa chungu palikuwa na povu jembamba. Nikamtazama mama. Aliinama, akafumba macho, akanusa kama kawaida yake, kisha akachota mchuzi kidogo kwenye kiganja, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama yangu alikuwa anaigiza kunusa.

Ukumbini nilisikia Shangazi akiwaambia wenzake wangoje waone. Nikajua nikipaza sauti, neno la viazi litarudi na halitaondoka tena. Nikinyamaza, wanawake wale watakula. Nikamsogelea nikamnong'oneza: "Mama, imechacha."

Hakuniuliza kama nina hakika. Aliweka mwiko chini. Halafu akakisukuma chungu kwa mguu. Kikapinduka juu ya mafiga, mchuzi ukazima moto, majivu yakaruka hadi mlangoni. Shangazi akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Ni Zuhura," mama akasema. "Amenisukuma."

Shangazi alinivuta sikio hadi nikasimama kwa vidole. Sikio halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mama aligeuza uso wake akatazama kuni zilizozimika.

Baba alikuja na jembe. Aliinama juu ya nyama ile, akainusa, kisha bila kumwangalia mtu akaizoa yote na kwenda kuifukia nyuma ya nyumba. Wageni wakaletewa maharagwe yaliyopikwa asubuhi hiyo kwa ajili yetu watoto, na viazi vya kuchemsha. Shangazi alikula, akasema hajawahi kuona Idi ya viazi, na wenzake wakacheka. Mama akacheka nao.

Alasiri, wageni walipokwenda, mama alinichukua ziwani kusugua chungu kwa mchanga. Mwishowe akaacha mikono yake ndani ya maji akaniuliza maji yananuka nini. Nikamwambia yananuka mawe, na samaki kidogo, na sabuni ya wale wanaofua kule ng'ambo. Akauliza, na mimi? Nikanusa bega lake. Nikamwambia ananuka moshi na iliki.

"Tangu homa sisikii kitu," akasema. "Hata mutoto wa jirani nikimubeba, ni kama nabeba kuni." Kisha akasema, akiwa anatazama chungu: "Leo nimekuuza kwa shangazi yako. Unisamehe."

Nyinyi wa rika langu mnajua uzito wa maneno hayo. Wakati ule mzazi hakumwomba mtoto radhi. Nikachukua mchanga mwingine nikaendelea kusugua.

Tangu siku hiyo nilikuwa pua ya mama. Kila asubuhi aliniita eti nimletee kijiko, nami niliinama juu ya maziwa, samaki, mabaki ya jana. Nikigusa kanga yake, chakula kinamwagwa. Nikiondoka tu, kinaliwa. Saidi aliona wivu, akidhani napewa vya kuonja. Ilikuwa hivyo miezi mingi, hadi siku moja mama alikuwa kwa jirani akisukwa nywele, ghafla akasimama na kichwa nusu kimesukwa, akaja mbio akiita kwamba maharagwe yanaungua. Yalikuwa yanaungua kweli. Baba aliacha cherehani. Tulikula maharagwe yale meusi machungu, na baba akaomba aongezewe. Shangazi Mwamini aliondoka duniani bila kujua lolote.

Leo nyumbani kwa mjukuu wangu kuna friji ndefu kuliko mimi. Kila mtu anakula saa yake, akitazama simu, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Juzi mjukuu huyo alitoa bakuli la maharagwe, hakukumbuka aliyapika lini, akataka kuyatupa. Nikamwambia alete ninuse. Akacheka kwa upole: "Bibi, acha tu, tutapika mengine." Akanipa bakuli nikalitupe.

Nilisimama nalo mlangoni. Nikainama, nikafumba macho. Hayakuwa na kasoro yoyote. Nikageuka nimwambie mama, na hapakuwa na mtu.