Sauti Niliyoiita Lori

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa mwaka 2012, pale Kakuma, na kama kusahau kungekuwa hiari yangu ningeshausahau. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, utingo wa lori la mbuzi kutoka Lodwar. Lori liliharibika tulipofika, dereva akarudi Lodwar kutafuta spea, nami nikaachwa nililinde. Sikulilinda. Nilikwenda zangu kwa rafiki yangu Deng, kijana wa Sudan Kusini aliyeishi na mamake kwenye kambi ya wakimbizi ya hapo.

Utaniuliza kwa nini tulichanganya pombe na bangi. Wengi husema ni utundu tu, lakini mimi nilikuwepo. Chang'aa peke yake ilinifanya mgomvi. Bangi peke yake ilimtia Deng wasiwasi, akaona kila mtu anamtazama yeye. Basi tukajiambia kimoja kitarekebisha kingine. Halafu, tuseme ukweli, siku zilikuwa ndefu. Mimi nilisubiri spea, yeye alikuwa mwaka wa tatu akisubiri barua ya kwenda ng'ambo, na anayesubiri hutafuta cha kuufupisha mchana.

Tulikaa luggani, ule mto mkavu, kwenye kivuli cha ukingo ambapo polisi wasingetuona. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi. Mimi ni mtoto wa Turkana. Nilijua tangu utotoni kwamba mvua ikinyesha milimani, maji hushuka luggani hata kama hapo ulipo jua linawaka. Asubuhi ile niliyaona mawingu huko milimani. Nikakaa hivyo hivyo.

Tulikunywa kwanza, kisha tukavuta. Hili hatukuwa tumeambiwa: pombe ikitangulia, moshi hupanda kichwani kwa nguvu usiyoizoea. Dunia ilizunguka, moyo ukanidunda hadi masikioni, miguu ikakataa kunitii. Deng alitapika, akalala mchangani akitokwa jasho la baridi. Hata hivyo yeye ndiye aliyesikia kwanza.

"Ekiru, hiyo kitu inalia ni nini?"

Nilisikia pia, mngurumo wa chini kwa chini kutoka upande wa juu.

"Ni lori tu," nikamwambia. "Tulia."

Akatulia. Aliniamini kwa sababu mwenyeji nilikuwa mimi.

Mama mmoja aliyekuwa akichota maji kwenye kisima cha mchangani alitupigia kelele, kisha akaja mbio, akanishika shati na kunikokota hadi juu ya ukingo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Maji yalikuja mekundu kwa udongo, yamebeba miti mizima. Nilimwona Deng akijaribu kujiinua kwa mikono, akaanguka. Alipatikana kesho yake.

Nilikwenda kwa mamake nikitegemea anipige, na ningefurahi angenipiga. Aliniuliza jambo moja.

"Wewe mtoto wa hapa. Ulisikia maji?"

Nikamjibu kwamba nilisikia. Akageuka, akaendelea kukunja nguo za Deng.

Sasa nakuambia wazi, mwanangu. Vitu hivyo viwili havirekebishani, vinasaidiana kukumaliza. Vilininyang'anya hata nilichokijua tangu nazaliwa, na aliyelipa hakuwa mimi. Bora usianze kabisa. Ukiwa unasubiri kazi au barua, najua inachosha, lakini subiri na akili zako, na ukaongee na mtu siku zikikulemea. Na ukimkuta mwenzako amechanganya na hawezi kusimama, usimwambie atulie ukaondoka. Mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, ita mtu mzima, kaa hapo hapo naye hadi msaada ufike. Ukiogopa kugombezwa, gombezwa.

Mungu akunyeshee mvua njema, na akupe masikio ya kuisikia inapokuja. Na siku mama wa mwenzako atakapokuuliza kama ulisikia, akukute umemshika mwanawe mkono.