Meno ya Chini

Huko kwetu magharibi, nilipokuwa msichana, mtu aliyefikia umri aling'olewa meno ya chini ya mbele. Yangu yaling'olewa na mzee mmoja kwa kipande cha chuma, nami nikanyamaza, kwa sababu ukilia unauaibisha ukoo. Mume wangu hakung'olewa. Baba yake alikuwa mwinjilisti, akasema mtoto wake hatatiwa pengo kwa ajili ya mizimu. Nilipoolewa, wasichana wenzangu walinicheka. "Umepata punda! Atakuuma huyo!" Naye alicheka pamoja nao, akionyesha meno yote.

Ulikuwa mzaha tu, mpaka tulipokwenda kutafuta kazi ugenini.

Mimi niliajiriwa na misheni moja huko Ruiru, katika zahanati. Nilifua bendeji, nikachemsha vyombo, nikashika watoto wakati wa sindano. Yeye alipata kibarua katika kiwanda cha Thika, akapewa kitanda Makongeni katika chumba cha wanaume peke yao. Jumamosi alikuja kwangu, Jumapili jioni akarudi.

Kisha ikatangazwa hali ya hatari, na zahanati ikajaa. Wengine waliletwa wamekatwa mapanga kwa kukataa kiapo cha wapiganaji wa msituni. Wengine walikuja wenyewe, migongo imechanika kwa viboko vya askari, wakasema wameanguka. Wote tuliwaosha kwa maji ya chumvi yale yale. Dresa wetu, mfunga vidonda, mzee wa Kikuyu aliyeshika kanisa tangu ujana wake, alinikataza kuuliza. "Wewe safisha tu, mama. Ukijua, utaulizwa."

Usingizi ulinihama. Nililala, nikaamka kushika komeo la mlango, nikalala, nikaamka tena kulishika. Hata mchana sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa.

Asubuhi moja dereva wa lori la kahawa alisimama langoni akaniambia kwamba Makongeni imezungukwa na askari, wanaume wote wametolewa nje. Nilipanda lori lake nikiwa bado na aproni.

Walikuwa wamekusanywa kiwanjani, ndani ya seng'enge. Wakikuyu walichuchumaa upande mmoja, mikono kichwani. Watu wa kwetu walipita mlangoni mmoja mmoja wakifungua vinywa. Askari alichungulia pengo, ambalo Wakikuyu hawana, akasema, "Pita." Kipande cha kazi, kile cheti chenye jina na kabila, hawakukiamini, kwa kuwa kipande huibwa. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kule kwa Wakikuyu.

Askari wa mlangoni alikuwa mtu wa kwetu. Nilimwamkia, "Mulembe," nikamwonyesha mume wangu.

"Yule?" akasema. "Yule mwenye meno kama msumeno? Mama, umeolewa na Mkikuyu, halafu unakuja kutufanya wajinga."

"Muulize kwa lugha yetu."

"Anaijua. Hata wauza viazi wa hapa wanaijua."

Nikafungua kinywa changu aone pengo. Nikamtajia babu za mume wangu, na mto wanakoteka maji, na baba yake mwinjilisti aliyekuwa akifundisha shule ya misheni huku amevaa kofia ya sufu hata juani.

Askari akaanza kucheka. "Yule mzee wa kofia? Alinichapa yule! Hata leo nikikaa vibaya nauhisi mkono wake." Akamwita mume wangu atoke. Tulipokuwa tukiondoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie ang'oe hayo meno. Siku nyingine wewe hutakuwepo, wala mimi."

Kuanzia siku ile koleo la meno halikunitoka machoni. Lilikuwa pale kwenye sinia, nami ndiye niliyelichemsha. Nilimsihi mume wangu kila Jumamosi. Mwishowe akasema, "Haya. Baba yangu yuko mbali, na Mungu anaelewa." Nikamwomba dresa, naye akakubali.

Mume wangu alikaa kwenye kiti akafungua kinywa. Mimi nilimshika kichwa. Dresa alipoinama na koleo, mume wangu alimtazama, akafunga kinywa.

"Mzee," akasema, "mimi nikiyang'oa haya, wewe utang'oa nini?"

Dresa alisimama vile vile na koleo mkononi. "Mimi?" akasema. "Ngai! Mimi labda wanitoe kichwa." Wakacheka wote wawili, wakacheka hata dresa akaketi kwenye benchi la wagonjwa akifuta macho. Mimi sikucheka. Nilisema, "Mng'oe, mzee, usimsikilize." Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuinuka.

Baadaye nimesikia watu wa kanisa wakisimulia kwamba alikataa kwa ajili ya ndugu zake Wakikuyu. Huenda. Nilipomsindikiza jioni ile aliniambia pia kwamba aliliogopa lile koleo. Yote mawili aliyasema yeye.

Walipoizunguka Makongeni mara ya pili, habari ilichelewa kunifikia. Nilikuta kiwanja kitupu na kofia chache zimeanguka. Malori yalikuwa yamekwenda kambini. Nilizunguka ofisi baada ya ofisi nikifungua kinywa changu, na padri wetu akasema alichoweza kusema. Walipomwachilia alikuwa akiharisha damu. Kambini walikuwa wakinywa maji ya mtaro. Alilala kwenye kitanda changu Ruiru, dresa akimhudumia, na hakuinuka.

Baba mdogo wa mume wangu, aliyefanya kazi katika shamba la mkonge, alikuja kuzika. Alimtazama marehemu, kisha akamwambia dresa, "Una koleo. Yatoe sasa." Kwetu, aliyekufa na meno yake hung'olewa kabla ya kaburi, asije akarudi kuwasumbua walio hai.

"Baba, hapana," nikasema.

"Mama, hata wazee wa kanisa hufanya hivyo, kimyakimya. Wewe mwenyewe ulitaka yatoke."

"Nilitaka akiwa hai."

Dresa alikuwa ameshika mkoba wake. Hakuufungua. Alinitazama mimi.

"Alikaa kwenye kiti akafunga kinywa mwenyewe," nikasema. "Hakuna atakayekifungua."

Baba mdogo alitoka nje akasimama ukutani ametugeuzia mgongo. Nilichukua bendeji niliyoifua kwa mikono yangu, nikaipitisha chini ya kidevu cha mume wangu, nikaifunga utosini. Ikaonekana imekaza mno, nikaifungua. Nikaifunga tena. Ikalegea. Dresa akanyoosha mkono anisaidie, nikamwambia aniache, nikaanza upya.