Ngoma za Kundan Singh

Habari ililetwa asubuhi na mwenye nyumbu aliyeshuka na mizigo ya wapanda mlima. Alisimama uani, akavua kofia, akaniambia kaka yangu Kundan Singh amekutwa amelala kwenye kibanda chake kileleni, hapumui. Nililitaja jina la Mungu. Shemeji, mke wa marehemu, alimalizia kumfunga ng'ombe, kisha akaketi chini.

Kaka aliuza chai huko juu tangu watu wa mijini waanze kupanda. Kilele chetu ni nyasi tupu, na ni mahali pa mabinti wa mlima, pepo wasiopenda viatu wala kelele. Mtu hupita pekupeku, tena kimya, wasije wakamchukua. Wageni hawakujua hayo, lakini kaka aliwavulisha viatu wote. Kijana mmoja alipopiga mluzi, kaka alimwuliza kama kwao hakuna bafu la kupigia miluzi. Walicheka, wakanywa chai.

Mwanawe Virendra, anayefanya kazi mji wa bondeni, alifika kabla ya adhuhuri. Alitaka ngoma zianzie mlangoni pa kibanda. Mzee mwenye wajukuu huagwa kwa ngoma, alisema. Tukimshusha kimya, watu watasema alikufa mkiwa. Nilimwelewa. Mpiga ngoma alijibu kwamba juu ya nyasi mkono wake hautanyanyuka. Virendra akamwambia kama anaogopa abaki na wanawake.

Ndipo shemeji aliposema kutoka mlangoni: "Baba yako aliwanyamazisha matajiri wa Delhi. Wewe unataka kumpigia kelele palepale, kwa kuwa leo hawezi kukukaripia?"

Virendra alinigeukia. "Baba mdogo, unasemaje?"

"Ngoma zisubiri msituni, nyasi zinapoishia."

Tulipanda kileleni, na Virendra alipofika kwenye nyasi aliinama akavua viatu.

Tulimfunga kaka kwenye machela ya mianzi, tukamfunika shuka nyeupe. Wapanda mlima walisogea kando. Tulivuka nyasi bila neno, Virendra akiwa mbele. Tulipoingia kwenye miti ngoma zilianza, na hazikunyamaza hadi mtoni. Vijiji vya ng'ambo vilisikia, watu wakatoka kusimama njiani.

Mtoni kinyozi alimnyoa Virendra nywele, kama anyolewavyo mwana aliyefiwa na baba. Kisha Virendra akazunguka rundo la kuni alikolazwa baba yake, akawasha moto. Tulikaa kwenye mawe hadi ulipokwisha. Majivu tuliyamwagia maji yakaingia mtoni, tukaoga, tukapanda kurudi nyumbani.