Barafu Ndani ya Birika la Ubatizo

Meneja wetu alijisifu kwamba amenunua kanisa zima. Lilikuwa kanisa kuukuu la parokia huko Wales, lililofungwa waumini walipokwisha, naye akavileta vyote vilivyokuwa ndani mtaani Al Barsha, huko Uarabuni, kupamba mkahawa wa hoteli tuliyofanyia kazi. Mabenchi ya mwaloni yenye vijilango yakawa viti vya wateja. Kiambaza cha mbao kilichochongwa mizabibu, kilichotenga madhabahu na watu, kikasimamishwa mbele ya baa. Bamba la kumkumbuka marehemu fulani, kwa lugha ya kwao, likatundikwa njia ya msalani.

Hayo niliyameza. Kilichonikaa kooni ni birika la ubatizo, jiwe moja lenye pande nane, ukingo umelainishwa na mikono ya watu. Kila Ijumaa mchana, siku ya mapumziko ya huko, hoteli ilipojaa, tuliagizwa kuondoa kifuniko chake cha mwaloni na kulijaza barafu na kamba wa kuchemsha.

Wakati huo binamu yangu, aliyeishi na mumewe mtaa wa International City, alikuwa na mtoto wa kubatizwa. Sisi Waanglikana wa kutoka bara, kwetu Afrika, tulisali Ijumaa asubuhi katika ukumbi wa kukodi, na kasisi alibatizia kwenye beseni la plastiki. Siku moja binamu alinipitia kazini, akaliona birika, akalipapasa. Akaniuliza kama kasisi angeweza kuja mapema, kabla ya wateja. Nyumbani kwao wote walibatizwa kwenye birika la jiwe. "Huyu wangu aanzie kwenye beseni la kufulia, kweli?"

Nikamwomba meneja. Akacheka, akasema hilo ni pambo tu, na dini haina nafasi mkahawani. "Yalla, meza zinangoja."

Mtoto akabatizwa kwenye beseni. Maji ya ubatizo hatuyamwagi mferejini, kwa hiyo binamu aliyabeba mwenyewe hadi kwenye mwarobaini kando ya maegesho, akayamwaga shinani taratibu. Mimi nikaenda zamu, nikakuta kamba wamepangwa tayari.

Mteja mmoja akaniuliza bakuli lile zuri ni la nini. Tulifundishwa kujibu kwamba ni la kale.

"Ni la kubatizia watoto, sir."

Akamrudisha kamba sahanini. Mkewe akauliza kama ni kweli, meza ya jirani ikasikia, na baada ya hapo hakuna aliyesogea tena pale.

Meneja akaniita kando. "Umewaambia nini wateja?"

"Kile walichouliza, sir."

"Khalas, basi. Usirudie."

Ijumaa iliyofuata barafu ilikuwa kwenye bakuli la chuma, na birika liko stoo nyuma ya viti vibovu. Binamu aliposikia, akasema kama hawalitumii, si walitoe kwa kanisa letu. Nikarudi kwa meneja. Akasema halitoki, ni mali ya mkahawa.

Kifuniko cha birika tayari kilikuwa kwa fundi, kikatwe vipande vya kuandalia jibini.