Dawa ya Wadudu Chini ya Kasha

Orie nilimjua kwanza kwa mgongo wake. Saa kumi alasiri wanawake wa mtaa wetu huoga pamoja kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, na aliye karibu nawe ndiye anayekusugua. Kwa miaka thelathini nilimsugua, naye akanieleza habari za magoti yake, za Nobue, binti yake aliyeolewa mbali, na za mumewe Teiji aliyeendesha basi la watalii hadi alipostaafu. Ya chumbani hakuyataja kamwe, nami sikuuliza. Watu wa mji huu tunavua nguo mbele ya wenzetu kila siku bila haya, lakini kuna mambo ambayo midomo yetu huyatilia kufuli.

Ajabu ni kwamba mji huu huu una makumbusho ya mambo hayo hayo, tangu enzi za kale hadi leo. Zamani yalijaa masanamu ya nta yaliyochezeshwa na mota, yakikwaruza kila yalipopinda kiuno. Wamiliki wapya waliyatupa, wakaleta miwani mikubwa ya kompyuta. Ukiivaa, ukuta unapotea, unajikuta ndani ya chumba cha watu waliokufa miaka mia mbili iliyopita, na mkeka unausikia ukilia chini ya miguu yako.

Orie alikuwa na miaka sitini na tisa alipokwenda kuomba kazi ya kufuta miwani hiyo. Watu walimsema sana. Mke wa muuza tofu, ile jibini ya soya, aliuliza bafuni, kwa sauti ya kusikika na wote, kama bibi ameanza masomo ya watu wazima. Orie akamjibu kwamba jasho la nyuso ni jasho tu, na kwamba jana alifuta miwani iliyonuka tofu. Nilicheka mpaka nikameza maji. Wasemaji wale siwapendi, nasema wazi, maana nusu yao wameshaingia mle kwa mlango wa nyuma.

Miezi saba aliifuta miwani bila kuivaa. Kisha kikafunguliwa chumba kipya, chumba cha bibi arusi, na Chihaya, msichana anayesimamia maonyesho, akamwomba aijaribu. Alitaka maoni ya mtu aliyeolewa kwa desturi ya zamani.

Orie akaivaa. Akajiona amepiga magoti kando ya kasha la mbao nyepesi, na mbele yake mama mmoja anamkunjia binti yake kimono za kwenda nazo kwa mume. Chini ya zote, yule mama alichomeka msokoto wa karatasi uliofungwa kwa uzi. Sauti ikaeleza kuwa ndani ya msokoto ule mna picha za mume na mke wakiwa kitandani. Huku kwetu hapakuwa na kungwi wa kumfunda mwali, basi kungwi alikuwa karatasi ile. Bibi arusi aliitoa mwenyewe siku za mwanzo, wawili wakaitazama, wakacheka, na hofu ikawatoka. Mama wengine waliona haya kusema, wakawaambia mabinti zao kuwa ni dawa ya kuzuia moto na wadudu wanaokula nguo, wakitumaini kwamba wataifungua tu.

Orie aliivua miwani, akakaa sakafuni. Chihaya akamkimbilia na kikombe cha chai.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekasirika."

"Na nani?"

"Na mama yangu. Na alishakufa, kwa hiyo sina wa kugombana naye."

Siku hiyo bafuni ndipo mdomo wake ulipofunguka. Aliniambia kwamba na yeye alipewa msokoto kama ule, wenye uzi wa kijani. Mama yake alimwambia auweke chini kabisa, ni dawa ya wadudu, asiupoteze. Orie ni mtu wa kusikia la mkubwa. Kila mwaka mvua zikiisha na kimono zikitolewa kuanikwa kivulini, aliutoa, akaufuta vumbi, akaurudisha. Mara arobaini na sita, na hata siku moja hakuufungua.

Usiku wa harusi hakujua lolote. Alilia, Teiji akaomba radhi, akageukia ukutani. Nobue walimpata kwa bahati zaidi kuliko kwa maarifa. Baada ya hapo mikeka ilitengana, kisha vyumba. Ugomvi haukuwapo, Teiji ni mtu mpole. Walikuwa tu wakipishana mle ndani kwa adabu, miaka nenda rudi.

"Nilijua mimi ndiye mbovu," aliniambia. Uchungu ulinipanda nikamsugua kwa nguvu, hata akauliza kama nataka kumchuna ngozi.

Sasa alitaka kumwonyesha Teiji ule msokoto, na aliogopa. Mzee wa miaka sabini na mitatu angeweza kuona mkewe amepotoshwa na kazi ile. Angeweza kumcheka, na amani kidogo iliyobaki nyumbani ikavunjika. Mimi nilimshauri auache ulipo. Nasema kwa aibu, maana nilijiona nina busara sana siku ile.

Hakunisikiliza, ashukuriwe kwa hilo. Jumatatu makumbusho yakiwa yamefungwa, alimkuta Teiji barazani adhuhuri akimenya kaki, yale matunda ya rangi ya chungwa tunayoyaning'iniza yakauke. Akauweka msokoto mbele yake, akasema hii ndiyo dawa ya wadudu aliyopewa na mama, akafungua uzi. Karatasi ilikuwa imeliwa matundu kila mahali. Katikati ya matundu, mwanamume na mwanamke walikuwa chini ya blanketi moja, wanacheka, na mwanamke ndiye anayecheka zaidi.

Teiji akaiinamia, kisu bado mkononi.

"Hata kazi ya kuzuia wadudu imeishinda," alisema.

Orie hakucheka. Alimweleza yote: maneno ya mama yake, miwani, na kwamba alikuwa hajawahi kuifungua mpaka dakika ile. Teiji akaweka kisu chini.

"Mama Nobue, mimi nilijua imo kashani tangu siku ya harusi. Mjomba aliniambia, mkeo atakuja nayo, usiiguse, ataitoa mwenyewe akiwa tayari."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeuliza vipi? Kila mwaka nilikuona unaitoa, unaifuta vumbi, unairudisha. Nikawa najiambia, basi, mwaka huu pia hanitaki."

Orie aliponisimulia hayo hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia sabuni. Alisema waliitazama picha moja baada ya nyingine mpaka kaki zilizomenywa zikageuka rangi, na palipokuwa na tundu walibishana palikuwa na nini.

Chihaya aliposikia habari za msokoto, aliuomba sana kwa ajili ya makumbusho, kwa kuwa msokoto wenye matundu ya kweli hawakuwa nao. Orie alimwambia asubiri wafe wote wawili.

Mwaka huu mvua zilipoisha nilikwenda kumsaidia kuanika kimono. Tulipozikunja tena, Orie aliweka chini kabisa ndani ya kasha, pale ulipokuwa msokoto, vidonge vya dawa ya wadudu alivyonunua dukani. Chumba alichokuwa akilala Teiji peke yake, siku hizi kimejaa maboksi na kaki zilizokaushwa.